Bibi Sophia Kobelo na Benchi la Nje ya Mahakama

Nilimwona marehemu kwa mara ya kwanza Februari 1996, kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama. Ndani ilikuwa ikisikilizwa kesi ya mwanawe, Severine, aliyechomwa kisu akafa sokoni Mchikichini. Mimi nilikuwa nikiuza kahawa pale. Akaniambia, "We baba, kahawa unaiuza au unaificha?" Baadaye nilimwoa binti yake, Theodora, naye Bibi Sophia akawa mama yangu.

Bibi Sophia alizaliwa Matombo, Morogoro, tarehe 3 Mei 1941. Alisoma misheni hadi darasa la nne. Mwaka 1961 alifunga ndoa na marehemu Anton Kobelo, wakahamia Magomeni. Mitumba iliporuhusiwa, aliuza nguo za watoto. Mtoto akilia kuvuliwa gauni alilojaribishwa, alimwambia mama yake, "Nenda naye hivyo hivyo, tutagombana kesho."

Shahidi hasikilizi kesi kabla hajatoa ushahidi wake. Kwa kuwa marehemu alitajwa kuwa shahidi, alikaa nje kila kesi ilipoitwa. Baadaye waendesha mashtaka waliamua hawamhitaji, lakini hakuna aliyemwambia kwamba sasa angeweza kuingia. Hata tarehe za kesi aliambiwa na Bibi Zamda, mama wa mshtakiwa, ambaye alikuwa na wakili wa kumweleza. Siku ya hukumu Bibi Zamda alitoka analia. "Dada, wangu kafungwa." Marehemu alimfuta machozi kwa khanga, ndipo akauliza, "Na wangu, walisema alikufaje?"

Tangu hapo alirudi pale mara kwa mara, amechoka hivyo hivyo, akiwauliza waliokaa nje, "Umeshatoa ushahidi? Wameshakuachia? Basi ingia, mama, ukasikie."

Kisukari kilimwanza mwaka 1998. Alifariki nyumbani Magomeni, alfajiri ya Jumatatu, Agosti 9, 1999. Ameacha watoto wawili, Theodora na Isidori, wajukuu watano, na Bibi Zamda, aliyemwita ndugu. Mungu ampe pumziko la amani.

Jumapili jioni, saa chache kabla hajafariki, aliniita. "Alhamisi yule mama wa Buguruni niliyekaa naye benchini ana kesi ya mwanawe. Hana anayemjua pale mahakamani. Nenda."

Nikamwambia, "Mama, mimi mbele za watu naona aibu."

"Nenda na aibu yako. Mkae naye ndani."