Wasifu wa Marehemu Smaranda Bejan, Aliyezichora Nyumba za Vadu Sării

Marehemu Smaranda Bejan alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika Mtaa wa Wafinyanzi, mjini Vadu Sării, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Costache Vârgolici, mhunzi wa bandarini, na mama Aglaia, mshonaji. Nyumba alimozaliwa haipo tena. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Veturia. Padri aliomba makali yapunguzwe. Yamepunguzwa, haya ndiyo yaliyobaki.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani na kumaliza sekondari mwaka 1970. Akiwa darasa la nne, waliambiwa wachore kiwanda kipya cha saruji. Smaranda alichora nyumba ya mwalimu wao, iliyokuwa ng'ambo ya barabara, pamoja na vigae arobaini na kimoja vilivyovunjika. Akapewa sifuri. Kesho yake mume wa mwalimu alipanda ngazi akavihesabu: arobaini na kimoja. Sifuri haikufutwa. Baadaye chuo cha sanaa cha mji mkuu kilimkataa mara mbili. Mkono wake haukuwa na kasoro. Kosa lilikuwa la babu yake, aliyewahi kumiliki kinu cha kusaga nafaka, na serikali ya kikomunisti ya wakati ule haikuwataka wajukuu wa wenye mali vyuoni.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya ujenzi ya mji. Kuanzia 1984 hadi 1989 alipewa kazi ya kupima nyumba zilizoamriwa kubomolewa. Alipima mitaa kumi na mmoja. Siku za kazi alizipima kwa ajili ya serikali. Jumapili alirudi na kigoda, chupa ya wino na kalamu ya nibu, akazichora kwa ajili ya waliokuwa wakihamishwa, kila chuma cha roshani na kila ufa wa lipu. Siku moja mkuu wake alizikuta karatasi hizo mezani.

“Bejan, hiki nini?”

“Ni zile nyumba ulizonituma nikapime, mkuu.”

“Nilikutuma upime. Sikukutuma ukazililie.”

Akachana karatasi tatu mbele ya ofisi nzima. Smaranda alizichora upya kutoka kichwani, na Jumatatu akaziweka palepale mezani. Wapo hapa leo walioona siku ile, na wapo walioona wakacheka. Mnajijua.

Alifunga ndoa tarehe 8 Oktoba 1978 na Nicanor Bejan, mwalimu wa jiografia. Nicanor alimposa barabarani, manyunyu yakianza, mwenzake akiwa ameinamia karatasi.

“Smaranda, utakubali nikuoe?”

“Nitakubali. Shika mwavuli, wino unatapakaa.”

Waliishi pamoja hadi Nicanor alipofariki mwaka 2011. Walijaliwa binti mmoja, Ilinca.

Tangu mwaka 2014 marehemu aliugua mapafu, na daktari alimkataza kabisa vumbi. Aliendelea kuchora, ila kutoka mbali. Nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Hagi Stamate, mfanyabiashara wa nafaka wa zamani, iliyosimama mwisho wa Mtaa wa Wafinyanzi miaka mia moja thelathini na sita. Mwaka jana halmashauri iliandika kwamba nyumba hiyo haina thamani, kwamba mapambo yake yalikwisha kuanguka zamani. Smaranda alikuwa amemaliza kuyachora wiki mbili kabla ya uongo huo kutiwa sahihi. Yeye na majirani wakaenda mahakamani, na mahakama ikaamuru nyumba isiguswe hadi kesi isikilizwe.

Watu wa halmashauri waliigusa Jumapili ya Pasaka ya mwaka huu, tarehe 24 Aprili, saa moja asubuhi, mji mzima ukiwa umelala baada ya mkesha. Waliona ndio wakati mzuri. Smaranda alisikia mngurumo, akavaa koti juu ya nguo ya kulalia, akachukua kigoda chake. Hakuweza kuzuia katapila. Alikaa hatua ishirini kutoka pale, ndani ya vumbi alilokatazwa, akachora: mashine, ukuta ukienda chini, na wanaume watatu waliosimama kutazama. Mmoja wao alikuwa naibu meya. Anaitwa Octav Drugescu, na anatajwa hapa kwa makusudi.

“Bibi, nenda nyumbani ukale mayai yako ya Pasaka,” alimwambia.

“Simama hivyohivyo, mwanangu,” Smaranda alimjibu. “Nimebakiza pua.”

Jioni ile alilazwa. Drugescu aliapa kwamba siku hiyo alikuwa mjini Galați kwa mama mkwe wake. Tarehe 30 Mei marehemu aliomba ruhusa ya hospitali, akaingia mahakamani na mtungi wa oksijeni, Ilinca akimshika mkono. Wakili wa halmashauri aliuinua mchoro kwa vidole viwili.

“Mama, una miaka sabini na moja. Kulikuwa na vumbi. Kweli unataka tuamini huu ni uso wa mtu fulani?”

Smaranda aliomba karatasi. Chumba kizima kilingoja dakika nne, husikii ila nibu na pumzi yake. Alipoiinua, karani aliangua kicheko kabla hajajizuia: aliyechorwa alikuwa wakili mwenyewe, hadi kifungo kilichokatika. Hakimu aliitazama karatasi, akamtazama wakili, akaamuru itiwe kwenye jalada.

Smaranda Bejan alifariki Jumanne, tarehe 14 Juni 2022, saa kumi alasiri. Cheti kimeandikwa mapafu. Familia haina ugomvi na daktari, lakini inajua vumbi lile lilitoka wapi na nani alilitimua.

Asubuhi ya leo halmashauri imeleta shada la maua lenye utepe wa dhahabu, na barua inayoomba michoro mia sita na kumi na nne ya marehemu, ili itundikwe katika ukumbi utakaopewa jina lake. Shada limerudi na gari lililolileta. Kuhusu michoro, familia inajibu hapa, mbele ya jeneza: hamtapata hata moja. Hamuwezi kuibomoa nyumba mkaitundika ukutani kwenu. Mwenye kutaka kuiona aje kwa Ilinca, mlango u wazi, atapewa na kahawa.

Marehemu ameacha binti, Ilinca, muuguzi, mkwe, Sandu, wajukuu wawili, Profira na Matei, na mdogo wake, Veturia. Ameacha pia majirani mia moja na kumi na wawili waliotia sahihi kwenye kesi ya nyumba pamoja naye.

Apumzike kwa amani, dada yetu, na kifua kisimbane tena. Sisi wengine tutakutana Jumatatu saa tatu asubuhi, mahakamani, chumba namba mbili.