Kisu cha Fundi Makochi Getini

DADA: Haloo? Nani huyo?

FUNDI: Mimi, dada. Nani mwingine ana namba yako na shida kwa pamoja?

DADA: Uko wapi wewe? Binti yako anaolewa, saa tatu na dakika hamsini hii! Msajili wa ndoa anasema saa nne kamili anaingia kwenye kikao.

FUNDI: Niko nje hapa. Mlinzi wa geti amenizuia. Mashine yao imelia.

DADA: Imelilia nini?

FUNDI: Kisu.

DADA: Umekuja na kisu kwenye harusi ya mwanao?

FUNDI: Kisu gani, dada! Kile changu cha kukunja, urefu wa kidole. Suti hii mpya, mifuko walikuwa wameishona. Nikaifungua kwa kisu, nikakikunja, nikakitumbukiza humo humo. Mkono umezoea, miaka ishirini na—

DADA: Kitoe umpe mlinzi!

FUNDI: Hataki kukishika. Anasema akikutwa nacho itakuwa kesi yake.

DADA: Yarabi.

FUNDI: Nimemwambia mimi ni fundi makochi, hiki ni kifaa cha kazi. Ananiangalia juu mpaka chini. “Mzee, ungevaa ovaroli ningekuelewa. Na suti hii unakwenda kushona kochi gani?” Yaani nikiwa mchafu ni kifaa, nikioga ni silaha!

DADA: Ana haki. Hata mkweo alikwambia.

FUNDI: Usinitajie yule.

DADA: Alikwambia kwa adabu kabisa—

FUNDI: Amekuja kwangu kuposa, namkatia embe, ananiambia, “Baba, kutembea na kitu hicho mjini bila sababu ya maana ni kosa.” Embe amekula! Kokwa amelamba! Halafu kosa.

DADA: Ni askari, ulitaka akwambie nini?

FUNDI: Ashukuru, basi. (mkwaruzo) Haloo?

DADA: Nakusikia nusu nusu. Hebu ngoja nisogee dirishani... Wewe.

FUNDI: Naam.

DADA: Wewe mwanaume. Huyo aliyekaa ng'ambo ya barabara kwenye benchi la fundi viatu, mguu juu, anapigwa rangi, si wewe?

FUNDI: Viatu vilikuwa na vumbi.

DADA: Umekaa hapo tangu saa ngapi?

FUNDI: Si muda.

DADA: Saa ngapi!

FUNDI: Tatu na robo.

DADA: Na huyo fundi viatu ana visu vingapi kwenye sanduku lake?

FUNDI: Vitano. Kimoja kibutu.

DADA: Kwa hiyo ungekiacha hapo cha sita, ungeingia zamani.

FUNDI: Fundi viatu, kisigino nacho kipige rangi.

DADA: Haloo?

FUNDI: Nipo.

DADA: Nini hasa, mdogo wangu?

FUNDI: Ngozi ya kochi, dada, huwezi kuikata peke yako. Lazima mtu aivute upande wa pili, tena avute sawa. Akilegeza, kisu kinakwenda kombo. Tangu ana miaka tisa anavuta yule binti yangu. Hajawahi kunilegezea.

DADA: Utapata mtu mwingine.

FUNDI: Nitapata.

DADA: Ametuambia hatii saini mpaka umekaa mbele yake. Kakaa kwenye kochi la msajili, kakunja uso kama wewe unapodaiwa kochi la watu. Sasa ukichelewa hapo, hujamzuia kuolewa. Umemwaibisha tu.

FUNDI: ...Fundi viatu, niwekee hiki. Usikitumie! Kina makali ya mwenyewe.

DADA: Umesimama?

FUNDI: Navuka. Gari hili nalo— pita basi, mwendawazimu! Dada, simu yangu imeanza kulia, salio linaisha.

DADA: Tembea tu. Zimebaki dakika sita.

FUNDI: Mlinzi, kaka yangu, nipekue tena. Mfuko huu, na huu. Hiyo ni leso. Umeona? Sina hata kijiti cha meno. Leo mimi malaika.

DADA: Subiri, kuna kelele huku... Nini? Hee! Usivute, mama, utachana!

FUNDI: Nini huko?

DADA: Kochi hili! Springi imetokeza pembeni, imeng'ata lesi ya gauni. Hawezi kusimama!

FUNDI: Nilijua! Maofisi haya wanafunika makochi kwa gundi, hawashoni! Wasivute. Gunia la chini ya kochi likatwe, springi irudi ndani.

DADA: Likatwe na nini? Wote tumepekuliwa, hakuna hata wembe! Msajili anatazama saa... Ngoja, kuna mtu ananigusa bega. Unasemaje? Anauliza kama baba amekuja na kile kisu chake.

FUNDI: Nani anauliza?

DADA: Bwana harusi.

FUNDI: Askari?

DADA: Huyo huyo. Anatoka jasho.

FUNDI: (anacheka) Arudie polepole, nakuweka spika mlinzi asikie.

DADA: Acha upuuzi, kimbia ukakichukue!

FUNDI: Nakwenda, nakwenda! Lakini dada, mwambie aje mwenyewe hapa getini. Asimame mbele ya mlinzi, aseme kwa kinywa chake hiki ni kifaa cha ka—

DADA: Haloo? Haloo?... Salio limekwisha. (kwa mbali) Wee, bwana harusi! Baba mkwe anakuita getini. Kimbia!