Tangi la Kijani la Mzee Wiebe

Mheshimiwa Mkurugenzi wa nyumba hii ya wazee, Bibi Geesje Bolhuis, ambaye chini ya uongozi wake nyumba imepata cheti cha kubana matumizi ya nishati, kama tulivyosoma sote pale mlangoni, waheshimiwa wakaazi, ambao leo mmeahirishiwa mchezo wenu wa bingo kwa ajili yetu, ndugu wanachama wa Chama cha Wafugaji wa Samaki na Mimea ya Majini cha Veendrecht, wageni waalikwa, na wewe, Mzee Wiebe Draaisma, uliyeketi kiti cha mbele umevaa koti kama mtu anayesubiri basi:

Kwa mamlaka niliyopewa na mkutano mkuu wa chama, uliohudhuriwa na watu tisa na mbwa mmoja, natangaza rasmi kwamba ndani ya tangi hili mna samaki. Naomba mniamini, kwa maana hamtawaona. Walio karibu, wakivumilia, huenda wakaona mkia ukipita, kisha wakashuku macho yao.

Maji, kama mnavyoona, yana rangi ya supu ya njegere. Na mimi, mwenyekiti wa chama, naona haya. Ningekuwa mwanagenzi ningejitetea. Lakini sisi ndio wale ambao kila vuli, kwenye mashindano ya chama, huvua viatu mlangoni kwa watu, tukapiga magoti sebuleni na soksi zetu, tukamulika tochi ndani ya tangi la mwenzetu kutafuta uzi mmoja wa mwani, ili tumkate alama. Mimi nimewahi kumkata Bibi Hillie Kamminga alama mbili kwa unywele wa kijani usiozidi kope. Hakunisemesha mpaka Pasaka. Mtu wa namna hiyo anasimamaje mbele ya supu hii?

Niwakumbushe tulivyofika hapa. Mzee Wiebe alipohamia kwenu mwezi Septemba, tangi lake halikuweza kuja. Alikuja na ndoo mbili. Moja ilikuwa na samaki. Ya pili ilikuwa na mmea ambao marehemu mkewe, Trijntje, aliupanda mwaka walipooana, na ambao hadi leo unatoa machipukizi. Chama kikaahidi tangi. Bibi Mkurugenzi akatupa nafasi hii kando ya dirisha, penye pazia zito, kwa sharti moja tu: maji yawe safi. Oktoba yalikuwa kama hewa. Desemba yakawa kijani. Uzinduzi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, hadi Bibi Mkurugenzi akaniita na kusema kwa ule upole wake unaotisha kuliko ukali:

"Bwana Roelof, mwezi wa Machi nitazindua kitu hapa. Kisipokuwa tangi lenu, itakuwa televisheni ya ukutani. Ziko zinazoonyesha samaki, na hazinuki."

Nikauliza, na ndoo za Mzee Wiebe je?

"Vyumbani tunaruhusu maua ya kwenye vyungu tu."

Hapo ndipo utaalamu wetu ulipoanza kumiminika. Akaja Jurre Terpstra. "Mwani ni mwanga, bwana. Ubane mwanga, umemaliza kazi." Akapunguza saa za kuwaka taa za tangi. Siku mbili baadaye akaja Bibi Hillie. "Mimea hii ina njaa. Mmea ulioshiba haumwachii mwani hata makombo." Akaongeza mbolea, na taa akazirudisha, akiuliza ni mpumbavu gani aliyezipunguza. Nikaja mimi, nikabadilisha nusu ya maji, nikatia konokono wa kula mwani, nikaondoka bila kumwambia mtu. Kila mmoja alikuja kimyakimya, kwa kuwa kila mmoja aliamini mwenzake akijua ataharibu. Dawa zote hizo ni za kweli, ila kila moja inataka majuma ya kuachwa itulie, na hakuna iliyoachwa hata juma moja. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Chetu kilienda mrama ndani ya sanduku la kioo, bila upepo.

Na kila tulipokuja, Mzee Wiebe alikuwa hapo kitini pake, ubavuni mwa tangi. Alitumiminia kahawa, akatugawia biskuti moja moja, kisha akafunga kopo, kama ilivyo desturi yetu. Naomba niwape mazungumzo yetu ya Januari kama yalivyokuwa.

"Karibu, Roelof. Hapa pana baridi."

Nikatazama kipimajoto cha tangi. "Nyuzi ishirini na tano, Mzee. Safi kabisa."

"Nasema hapa, bwana."

"Na mimi nasema hapo hapo. Zingeshuka chini ya ishirini na mbili ndiyo tungeogopa."

"Kumbe," akasema. "Basi samaki wana bahati."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Leo nimewauliza wenzangu. Jurre naye aliambiwa pana baridi. Akapapasa kioo kwa kiganja, akasema kina joto la kutosha. Bibi Hillie, mwenye huruma kutuzidi sote, alipoambiwa alikwenda dukani siku ile ile akarudi na kipasha-maji kipya. Kwa ajili ya samaki.

Leo asubuhi nilifika mapema kujaribu kipaza sauti. Nikakuta pazia limefunguliwa pande zote mbili, jua la Machi limeingia ndani ya tangi hadi kwenye mchanga, na katikati ya jua hilo Mzee Wiebe ameketi, kavua ndara, kafumba macho kama paka. Sisi siku zote tulikuja alasiri, saa ya kahawa, jua limekwisha kuondoka na pazia limefungwa.

"Mzee, ni wewe unayefungua pazia?"

"Kila siku."

"Wewe? Umelea mimea ya majini tangu ujana wako, hujui jua linafanya nini?"

"Najua. Kila asubuhi namwomba Trijntje radhi, kisha nafungua. Yeye miguu yake haigandi tena."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema, Roelof. Mkanisomea kipimajoto."

Ndugu zangu, niongeze nini hapo? Tunajua kutofautisha mwani wa ndevu na mwani wa nyuzi, tukiwa tumesimama mlangoni. Jani likipauka upande mmoja, tunataja lililopungukiwa nalo. Je, katika kipindi chote cha baridi, kuna hata mmoja wetu aliyevua koti lake humu ndani? Mimi sikulivua. Na sikujiuliza kwa nini.

Bibi Mkurugenzi, tangi hili haliumwi. Pazia likifungwa, taa zikiachwa kwa saa zile zile, na mikono yetu ikikaa mifukoni, maji yatarudi yenyewe, na mmea wa Trijntje utabaki kwenye mchanga wake. Jurre ameapa kutogusa. Bibi Hillie ameapa pia, ingawa mkasi wake bado uko kwenye mkoba. Tunakuomba hadi Mei.

Naona Bibi Mkurugenzi anainua mkono. Anasema, "Hadi Mei, isizidi hata siku." Nimesikia, na ukumbi mzima ni shahidi.

Basi tangi limezinduliwa, lilivyo. Nawashukuru kwa kunitegea sikio na kwa kutoniuliza maswali. Kahawa iko nyuma. Biskuti ni moja kwa kila mtu.

Na kwa wanaojiuliza kwa nini Mzee Wiebe amevaa koti: pazia tumelifunga tangu asubuhi, na hita ya ukuta huu haijapata moto tangu Novemba.