Kamba Mbili za Nyuma za Mtumbwi Wetu wa Tanga

Mgeni wetu rasmi, Mama Administrateri wa Teritware, mkubwa wa serikali hapa kwetu, na ninyi wote muliofika hapa bandarini Nyangwe: jirani yetu Roger anasema aliona mtumbwi wetu ukishuka Lualaba kinyumenyume, ukizunguka na kuimba, mpaka ukaingia ndani ya mihogo yake. Anasema ni dawa ya uchawi. Tunaomba tukuambie ukweli, kwani ukweli unachekesha zaidi.

KARIBU
Karibu sana, Mama. Tumefagia bandari na kufukuza mabata. Bata mmoja amekataa, umusamehe.

TULIKOTOKA
Sisi ni wamama tunaovusha mpunga, mawese na watu. Tulikuwa na motere, lakini benzini yote inakimbilia Salamabila kwa wachimba dhahabu, basi tukashona tanga la turubai. Upepo wa mvua ukija, mlingoti ulipinda kama fimbo ya ndoano. Mkuu wa bandari akatukataza kupakia.

TULICHOFANYA
Fundi wetu Viviane alifunga kamba ya ndani. Inatoka kwenye kifua cha mlingoti, inashuka mbele, katikati ya mlingoti na ile kamba kubwa iliyofungwa kwenye pua ya mtumbwi, na inabeba tanga dogo la upepo mkali. Kwa kuwa inavuta mlingoti mbele, aliongeza mbili za kuuvuta nyuma, moja kushoto, moja kulia. Ya upande wa upepo tunaikaza. Ya upande wa pili tunaiachia, tanga kubwa lipate kufunguka. Mlingoti sasa unasimama kama askari siku ya mshahara.

MAGUMU
Hapo kwenye kuachia ndipo tulipoharibu. Sisi tunapopandisha mitumbwi ukingoni tunavuta kwa wimbo, na sheria yetu ya zamani inasema anayeachia kamba atapikia wote. Siku ya kujaribu, upepo ukitoka kushoto, Viviane akamwambia mwenzetu Victorine aachie ya kulia.

“Mimi niachie? Nipikie kundi hili lote? Sitaki, dada.”

Akakaza, na sisi tukamsaidia kwa wimbo. Tanga likabanwa na kamba, mtumbwi ukazunguka, mkondo ukatupeleka kwa Roger. Hatukuachia hata kidogo. Tumegeuza sheria: kwenye tanga, anayekataa kuachia ndiye anapika. Chakula cha leo, Mama, ni cha Victorine.

Lakini ng'ambo watu wanatungoja, na mvua imeanza kuotesha mpunga wao ndani ya mifuko.

OMBI
Mkuu wa bandari anasema atatufungulia njia siku mkubwa wa serikali atakapovuka nasi na kurudi. Hatuombi feza. Tunaomba uvuke nasi, sasa hivi, upepo iko muzuri. Kiti chako kiko katikati, mbali na kamba. Victorine ameapa mbele ya padri kwamba ataachia.

Mungu akulinde juu ya maji na nchi kavu, wewe na nyumba yako yote. Ni sisi, Wamama Wavushaji wa Nyangwe, kwa mdomo wa Elodie.

Mama, tukushikie viatu?