Joska Aciro na Maji ya Nakivubo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Joska Aciro, dereva wetu mkuu wa gari la wagonjwa, anastaafu. Hapa Kituo cha Ihsani, Kibuli, hakuna aliyewahi kupokea zamu kwake akakuta gari chafu.

Joska alizaliwa kambini, binti wa askari wa kaskazini, kutoka Gulu, Mzee Saverio Oyet, na Kiswahili chake ni kile cha kambi, ambacho hapa mjini watu hukihusisha na askari. Siku za mwanzo alikuwa akishuka garini kuuliza njia, na wachuuzi wa soko la Nakasero wakimsikia walikusanya nyanya zao na kuondoka, wakidhani msako umefika. Mpaka leo mjini anaitwa afande, ingawa hajavaa gwanda hata siku moja.

Mwenyewe hafichi kwamba alikuja kutafuta mshahara tu. Alikuwa mlinzi wa hoteli, akachoka kusimama, akasikia tunatafuta dereva. Alipanga kukaa kidogo, kisha aende kwingine.

Halafu ikaja ile mvua ya Aprili. Mtaro wa Nakivubo ulifurika mchana, maji yakaingia kwenye jengo moja la maduka lenye vyumba chini ya ardhi. Tulipofika, mimi nikiwa muuguzi wa zamu, mlinzi wa jengo, kijana aitwaye Swaibu, alikuwa akielea kifudifudi chini ya ngazi. Mtu aliyejaribu kumvuta alikuwa ametupwa nyuma na umeme. Swichi kuu ilikuwa huko huko chini, ndani ya maji.

Ndani zaidi alibaki fundi cherehani, Ruqayya, amepanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, akimwita mumewe. Mumewe, Bashir, muuza vitenge, alikuja mbio akitaka kuteremka. Joska alisimama mlangoni akatanua mikono.

"Afande, yule ni mke wangu," Bashir alisema.

"Najua, kaka. Maji yana umeme. Ukiingia sasa, atatoka akukute umekufa."

Bashir alimpiga kifuani. Joska hakusogea. Watu nyuma yetu walianza kusema kwamba amehongwa na mwenye jengo, kwamba mtu wa kaskazini atawaonea wapi huruma watu wa hapa. Jiwe lilivunja kioo cha gari. Mafundi wa umeme walikuwa njiani, barabara imefungwa na maji, na Joska alikuwa na simu sikioni akiisihi ofisi ya umeme izime mtaa mzima. Kisha Ruqayya akanyamaza. Hapo hata mimi nilitaka aondoke mlangoni, na nilimwambia hivyo. Alibaki mlangoni.

Umeme wa mtaa mzima ulipozimwa, ofisi ikathibitisha kwa simu, na Joska akawa wa kwanza kuteremka. Bashir alimfuata. Walimtoa Ruqayya akiwa hai, sauti imemkauka kwa kuita. Swaibu walimtoa amekufa.

Daktari alisema huenda kijana alikufa papo hapo. Joska alilibeba lile neno "huenda". Aliacha kula nasi, akaanza kusema atarudi hotelini. Lakini kwanza alikwenda kwa mama yake Swaibu, Bi Rahima, nami nikamsindikiza. Bi Rahima alimuuliza kama mwanawe alikuwa bado anapumua wakati yeye amesimama pale mlangoni.

"Sijui, mama," Joska alisema.

"Wengi wamekuja kuniambia hakuteseka," Bi Rahima alisema. "Hawakuwepo. Wewe kaa hapa karibu yangu."

Joska alikaa mpaka dua ikaisha. Habari za hoteli hatukuzisikia tena.

Kuanzia hapo, kila siku yake ya mapumziko alikwenda Nakivubo, jengo baada ya jengo, kuwaomba wenye majengo wahamishie swichi kuu juu, usawa wa barabara. Wengine walimfukuza. Alirudi na Bi Rahima, na mbele ya mama yule wachache waliweza kufunga mlango. Wafanyabiashara aliwafundisha kuokoana, na mwanafunzi wake mkali kuliko wote alikuwa Bashir.

Msimu wa mvua uliopita tuliitwa tena kwenye jengo lile lile. Joska aliendesha kwa kasi. Tulikuta umeme umekwisha kuzimwa, watu wote wako barabarani wamelowa, na Bashir akimzuia mwenye duka aliyetaka kurudi kuchukua mzigo. Hakuna aliyetuhitaji. Joska aliegemea gari akalia, na hiyo ndiyo mara pekee nimemwona akilia.

Afande wetu, asante. Kwa kuwa hukusogea siku ile nilipokuambia usogee, asante tena. Nenda Gulu salama, ukapumzike kati ya watu wako. Mvua ikinyesha, lala tu. Zamu ni yetu.