Ufunguo Umebaki Lemara

Hans alipanda gari la abiria, Noah ya Tengeru, na diski ya kompyuta ndani ya soksi, akatangaza kwamba kesho barazani kesi ya shamba wanashinda mapema tu. Kwenye diski kuna video ya marehemu babu akionyesha mimea ya mpaka, sale kwa sale. Kompyuta yenyewe ilikufa, akamwachia fundi wa Lemara, kijana mwenzake, auze vipuri. Diski anaenda kuichomeka kwa binamu.

Dada wa pembeni, fundi kompyuta wa chuo fulani, akaiangalia ile soksi. "Kaka, hiyo diski ilikuwa na ulinzi?"

"Sana. Hata mwizi asingeona kitu."

"Basi na wewe huoni. Ufunguo unakaa kwenye chipu ya ulinzi, na chipu iko kwenye bodi ya kompyuta uliyoiacha Lemara."

Hans akacheka. "Dada, vitu viko kwenye diski. Chipu inajua nini kuhusu shamba letu?"

"Haijui shamba, inajua diski yake. Ile namba ya akiba ya kuifungulia uliiandika?"

"Nani anaandikaga zile?"

"Haya. Sale ukiling'oa mpakani ukalipanda sokoni Tengeru, litaonyesha mpaka wa nani?"

"Wa wauza nyanya," akajibu mzee wa siti ya mbele, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Hans akasema hayo ni mambo ya darasani, binamu yake ameshafungua vigumu zaidi. Noah ikasimama. Akashuka kifua mbele. "Kesho utasikia tumeshinda, dada."

Mlango haujafungwa, simu iko sikioni. "Fundi, shikamoo. Ile bodi yangu usimpe mtu kwanza."