Fundi Msasa na Vumbi la Madigadi

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mafundi mliofunga gereji ili mje kumsindikiza mwenzenu: tunayemzika ni mdogo wangu wa kwanza, mtoto wa pili wa marehemu baba yetu, mshona viatu, na mama yetu, ambaye naye ametangulia. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1968 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga. Jina la Msasa alipewa gerejini, likamganda hadi mama mwenyewe akalitumia.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982, katika shule ya mtaa wa pili kutoka nyumbani. Huko mwalimu wake wa hesabu alikuwa na baiskeli yenye digadi, lile bati la kukinga matope, lililopinda na kukwaruza tairi. Wakati wa mapumziko Msasa aliligonga kwa jiwe hadi likanyooka. Mwalimu alimchapa kwa kugusa mali ya mtu, kisha akapanda baiskeli yake akaenda nyumbani, tairi halikwaruzwi tena.

Mwaka 1984 alianza kujifunza kunyoosha bodi, na maisha yake yote yaliyobaki alikuwa fundi wa madigadi ya pikapu za zamani, zile ambazo wenye nazo huzipenda kuliko ndugu zao. Digadi likiletwa limeliwa na kutu, alilichokoa kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, alijua hapo hakuna chuma tena, imebaki rangi. Wateja wengine walimbembeleza apige puti juu, ule unga mzito wa kuzibia mashimo, apake rangi, gari liuzwe. Aliwajibu, "Kazi hiyo mpelekee mwingine. Mimi nakata." Alikata palipooza, akakunja bati jipya kwa nyundo juu ya kipande cha bomba, akalichomelea kidogo kidogo lisipinde kwa moto, kisha akasaga kwa mashine hadi kiungo kisionekane. Kubadilisha digadi zima alikubali pale tu lilipokuwa limekwisha kabisa, na siku hiyo alinuna mpaka jioni. Mdogo wetu wa mwisho alimfuata kwenye kazi hiyo, na wamesaga pamoja tangu 1999.

Hata mke alimpata kwa kutu. Pikapu ya baba mkwe iliingia gerejini kwa ajili ya digadi moja la mbele, na binti ndiye aliyetumwa kuulizia. Kila alipofika, fundi alikuwa amegundua kutu mahali pengine. Mwishowe mzee alikuja mwenyewe.

"Fundi, nambie ukweli. Gari langu ndilo bovu, au una shida na binti yangu?"

"Mzee, gari lilishapona zamani."

Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994, wakajaliwa mabinti wawili.

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Wakubwa wa familia waliniomba niandike kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, kama tulivyozoea kuandika. Sitaandika hivyo, kwa sababu si kweli, na kwa sababu hapa mlipokaa kuna vifua vinavyolia kama kilivyolia cha kwake, na kimoja ni cha nyumba yetu.

Mdogo wangu alikohoa kwa miaka. Ukisaga kutu, puti na rangi kuukuu, linatoka vumbi laini ambalo huendelea kuelea hata mashine ikizimwa. Kinga yao mafundi ilikuwa maziwa. Wakimaliza kusaga, kila mmoja alifungua pakiti yake akainywa, wakiamini yanasafisha kifua. Mkewe alimnunulia barakoa, ikaishia kutundikwa kwenye msumari.

"Hiyo inanibana, mama watoto," alimwambia. "Nishakunywa maziwa, sina neno."

Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake na kumweleza bila kuzunguka kwamba vumbi limeyatia makovu, na kwamba maziwa yanaenda tumboni, mapafuni hayafiki. Msasa aliuliza kama palipoharibika hapawezi kukatwa pakawekwa papya. Daktari akasema pameenea pote. Baada ya hapo hakuweza tena kuinua nyundo. Alilala akiwa amekaa, maana akijinyoosha alikosa pumzi kama anayezama majini. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, asubuhi, kwenye kiti karibu na dirisha, mkewe akimpepea kwa gazeti. Nina uchungu, na nina hasira, na sioni haya kuyasema yote mawili mbele ya jeneza lake.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja wa kike, na mimi dada yake. Ameacha pia mdogo wetu wa mwisho, ambaye juzi alipokuwa akipanga viti vya msiba alisimama mara kadhaa kushika kifua, na nilipomuuliza akasema, "Vumbi tu, dada." Nimemweka mwisho wa orodha makusudi, ili watu wote wamgeukie wamtazame. Mdogo wangu, kesho asubuhi tunakwenda kupiga picha ya kifua chako, na kwenye benchi nitakaa na wewe. Nakutaja leo kati ya walioachwa. Mkono wangu hautaandika wasifu wako.

Mungu ampumzishe Msasa, maana pumzi imemtesa vya kutosha.